Kabla Hujaposwa na Mwana wa Mfalme

Mwongozo huu ni wa mwali yeyote ambaye, kwa bahati au kwa balaa, amependwa na kijana ambaye sura ya bibi yake imechapishwa kwenye noti. Haijalishi mmekutana chuoni, kwenye mashindano ya farasi, au mbugani alikokuja kupiga picha tembo. Mashoga zako watakuambia habari za gauni na pete. Mama yako atauliza dini, na safari hii swali la mama lina uzito wa kisheria, kama tutakavyoona. Mimi nimekaa hapa kama kungwi, na kungwi wa mambo haya haulizi kama mnapendana. Anauliza huyo kijana ni wa ngapi kwenye foleni, na ruhusa imetiwa saini na nani. (Wewe bwana unayetaka kumwoa binti mfalme, kaa hapo nyuma usikilize. Mengi yanakuhusu.)

Nitafundishia nyumba ya kifalme ya Uingereza. Wamehifadhi karatasi zao kwa karne nyingi, kwa hiyo hata aibu zao zina tarehe. Tena ni nyumba iliyojizoesha kwetu bila kukaribishwa: tutakutana nayo Dar es Salaam, Nyeri na Unguja kabla mafunzo hayajaisha.

Mapenzi ruksa, ndoa ndiyo kesi

Somo la kwanza huwashangaza wali wengi. Taji halina ugomvi na mapenzi, wala halijawahi kuwa nao. Charles wa Pili aliwakiri hadharani watoto zaidi ya kumi aliozaa na wanawake mbalimbali, akawapa wengi wa wavulana vyeo vya uduke, na hakuna aliyemtikisa kitini kwa hilo. Mke wake wa ndoa alikuwa Catherine wa Ureno. Walipooana 1662 walifuata desturi ya kwao, ambako mali hutoka kwa wazazi wa binti kwenda kwa mume, na katika mali aliyokuja nayo Catherine ulikuwamo mji wa Bombay. Alileta Bombay, lakini hakujaliwa mtoto. Basi mfalme alipofariki Februari 1685, nyumba iliyojaa watoto haikuwa na mrithi hata mmoja, na taji likaenda kwa mdogo wake, James.

Mkubwa wa watoto hao, Duke wa Monmouth, hakuridhika. Mama yake aliitwa Lucy Walter, na kwa miaka mingi watu walinong'ona kwamba liko kasha jeusi mahali fulani, na ndani yake mna cheti cha ndoa ya siri kati ya Lucy na mfalme. Baba mtu alikana kwa maandishi kwamba aliwahi kumwoa. Kasha halikuonekana. Kijana akaona atafute kwa upanga kile alichonyimwa na karatasi: alishuka pwani ya Lyme Regis mwezi Juni, akapigwa Sedgemoor mwanzoni mwa Julai, na siku chache baadaye akakatwa kichwa. Kilichomtenganisha na kiti cha baba yake ni ukurasa mmoja wenye saini mbili.

Sheria hiyo haijabadilika. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hana nafasi kwenye foleni, hata kama wazazi wake watafunga ndoa mwaka unaofuata kwa ngoma na tarumbeta. Kwa hiyo ukijikuta mjamzito, na mwenzako anakuambia harusi itakuwa baada ya msimu wa polo, mwambie aendeshe gari mwende kwa msajili leo hii.

Waulizie wachumba wa zamani

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu kisa ni cha kuhuzunisha. Edward wa Nne alimwoa Elizabeth Woodville kwa siri mwaka 1464, akazaa naye watoto wengi, akafa Aprili 1483 akimwachia taji mwanawe wa miaka 12. Baada ya mazishi ikazuka habari kwamba kabla ya Elizabeth, mfalme alikuwa amefunga ahadi ya ndoa na mwanamke mwingine, Eleanor Butler, na kwa sheria ya kanisa ya wakati huo ahadi ya namna hiyo ilifunga kama ndoa yenyewe. Eleanor alikuwa ameshafariki, na mfalme pia. Hapakuwa na wa kuulizwa. Bunge likatamka watoto wa Elizabeth kuwa si halali, na aliyenufaika alikuwa ami yao, Richard wa Tatu. Yule mtoto wa miaka 12 na mdogo wake wa miaka 9 waliingia katika Mnara wa London, na hakuna aliyewaona wakitoka.

Kwa hiyo muulize mapema, na maandishi uyatunze wewe.

Namna ya kuokolewa na ndoa batili

George wa Tatu alikuwa na ndugu wasiosikia. Mmoja wao, Duke wa Cumberland, alioa mjane wa kawaida mwaka 1771. Ndugu mwingine, Duke wa Gloucester, alikuwa na mke wa siri tangu 1766, ingawa hilo mfalme alikuja kulijua baadaye. Jibu la mfalme kwa ndoa ya Cumberland lilikuwa Sheria ya Ndoa za Kifalme ya 1772: mzao yeyote wa George wa Pili, ukiacha uzao wa mabinti walioozwa nchi za nje, asioe wala kuolewa bila idhini ya mfalme. Aliyevuka miaka 25 aliweza kupeleka taarifa kwenye Baraza la Mfalme, akangoja mwaka mzima, na kama Bunge halikupinga, akaoa. Aliyekiuka hayo ndoa yake ilikuwa batili tangu mwanzo, kama vile mchungaji alikuwa anapiga miayo pale madhabahuni.

Sasa tazama mwanawe mkubwa. Desemba 1785, akiwa na miaka 23, mwanamfalme George alimwoa kwa siri Maria Fitzherbert, aliyekuwa mjane mara mbili na tena Mkatoliki. Idhini ya baba hakuiomba, maana jibu alilijua. Na pale palikuwa na mtego wa pili: sheria ya urithi ya 1701 ilisema anayeoa Mkatoliki amejiondoa mwenyewe kwenye foleni, hakuna kesi wala rufaa. Kijana alikuwa amevunja sheria mbili usiku mmoja.

Mwali mwerevu ameshaanza kucheka. Kwa kuwa ndoa ilikuwa batili chini ya sheria ya 1772, basi kisheria mwanamfalme hakuwa ameoa mtu yeyote. Na kama hakuoa mtu yeyote, hakuoa Mkatoliki. Na kama hakuoa Mkatoliki, taji lake lipo palepale. Angekuwa mtoto mtiifu, akaenda kwa baba yake, akapiga magoti na kupewa baraka, angepoteza ufalme siku hiyohiyo. Utovu wake wa adabu ndio uliomfikisha kitini.

Maria alibaki katika hali isiyo na jina. Roma ilipoulizwa ilimjibu kwamba yeye ni mke halali. Bunge la London lilimwona si kitu. Mwaka 1795 madeni ya mwanamfalme yalipopita pauni laki sita, akaambiwa atasaidiwa akioa kwa haki, akaletewa binamu yake Caroline wa Brunswick. Alipomwona mara ya kwanza, aliagiza brandi. Siku ya harusi, tarehe 8 Aprili, alikuwa amelewa. Binti yao Charlotte alizaliwa tarehe 7 Januari 1796, hesabu miezi wewe mwenyewe, na tangu hapo wazazi wakaishi kila mtu kwake. Bwana alipotawazwa mwaka 1821 kuwa George wa Nne, mkewe halali alifika mlangoni pa kanisa la Westminster akazuiwa kuingia. Kungwi wako anakuachia swali la kulala nalo: kati ya mke aliyekuwa si mke na mke aliyekuwa mke, nani alipata hasara kubwa zaidi?

Mbio za wazee

Hapa tutakaa, kwa sababu hakuna somo lenye utamu na uchungu kama hili.

Yule Charlotte alikuwa mjukuu pekee halali wa George wa Tatu. Novemba 1817 alijifungua mtoto mfu, na yeye mwenyewe akafariki baada ya saa chache. Babu yake alikuwa na watoto 12 walio hai, wanaume saba na wanawake watano, mdogo kuliko wote akiwa na miaka 40, na hapakuwa na mjukuu halali hata mmoja wa kushika taji baadaye. Hebu fikiria: watoto 12, na ukoo uko ukingoni.

Si kwamba walikuwa wamekaa bure. William, Duke wa Clarence, alikuwa ameishi miaka ishirini hivi na Dorothea Jordan, mwigizaji aliyesifika kwa kuchekesha majukwaani, akazaa naye watoto kumi. Mara nyingine pesa za mwigizaji ndizo zilizoendesha nyumba ya mwanamfalme. Watoto walipewa jina la FitzClarence, jina linalosema baba ni nani na wakati huohuo kwamba taji halipo. Mwaka 1811 alimwacha ili atafute mke mwenye mali, na Bi. Jordan alifia Ufaransa mwaka 1816 akiwa hana kitu. Ndugu yake William, yaani Edward, Duke wa Kent, aliishi karibu miaka thelathini na Madame de Saint-Laurent, mwanamke aliyemfuata Gibraltar na Kanada, kote alikopelekwa na jeshi. Sheria ya 1772 ilikuwa imewafundisha wana wa mfalme somo moja: ukitaka kuishi kwa amani na unayempenda, usimwoe.

Habari ya msiba ilipotoka, ikawa patashika. Kila bwana mwenye tumbo na madeni aliamka na kukumbuka wajibu wake kwa taifa, na kumbukumbu hiyo ilichochewa na matumaini kwamba Bunge litaongeza posho. Mabinti wa Kijerumani, Waprotestanti, wenye afya, wakatafutwa kwa barua. Duke wa Cambridge alioa kwanza. Tarehe 11 Julai 1818 Clarence na Kent walifunga ndoa siku moja, mahali pamoja, Kew. Madame de Saint-Laurent alipewa kwaheri na pensheni.

Mwaka uliofuata watoto wakaanza kudondoka kama maembe msimu wake. Tarehe 26 Machi 1819 Cambridge alipata mwana. Kesho yake Clarence alipata binti, aliyekufa siku ileile. Tarehe 24 Mei Kent alipata binti, ambaye mama yake alikuwa amesafirishwa kutoka Ujerumani akiwa na mimba ya miezi saba na zaidi ili mtoto azaliwe ardhi ya Uingereza. Siku tatu baadaye Duke mwingine wa Cumberland, ndugu yao Ernest, naye akapata mwana.

Asiyejua atasema Cambridge ameshinda. Thubutu! Foleni haiangalii nani kazaliwa kwanza bali baba yake ni wa ngapi. Clarence alikuwa mwana wa tatu, Kent wa nne, Cumberland wa tano, Cambridge wa saba. Mtoto aliyewahi kufika kuliko wote alijikuta nyuma ya wenzake wote. Clarence akawa mfalme William wa Nne mwaka 1830; binti yake wa pili wa ndoa naye alikuwa ameshafariki akiwa mchanga. Wale FitzClarence walioishi waliingia na kutoka kwa baba yao wakidai vyeo, na mkubwa wao akapewa uearl wa Munster. Alipofariki mwaka 1837, mfalme mwenye watoto wanane, wote watu wazima, hakuwa na mtoto wa kumrithi. Taji likaenda kwa yule binti wa Kent, Victoria, mwenye miaka 18.

Palikuwa na ziada. Familia hiyo ilitawala pia Hanover, huko Ujerumani, ambako mwanamke hakuruhusiwa kurithi maadamu yupo mwanamume wa ukoo. Kwa hiyo siku Victoria alipochukua Uingereza, Hanover ilimwangukia ami yake Ernest, na falme mbili zilizokuwa chini ya mtu mmoja tangu 1714 zikaachana kabisa. Wanaosifu enzi ya Victoria ni wengi. Sijawahi kuona sanamu ya Madame de Saint-Laurent, ambaye bila kuachwa kwake Victoria asingezaliwa.

Mfalme aliyetaka kuoa

Kisa cha Edward wa Nane kila mtu anadhani anakijua. Kungwi ana mambo mawili ya kusahihisha.

Kwanza mfahamu mhusika. Mwishoni mwa 1928, akiwa bado mwanamfalme, alikuwa kwenye safari ya kuwinda Kenya na Tanganyika, akiongozwa porini na Denys Finch Hatton. Baba yake, George wa Tano, akaugua sana, simu za upepo zikaanza kumiminika, na mwishowe mrithi akakimbizwa Dar es Salaam kupanda manowari Enterprise arudi kwao. Mzee akapona na kuishi hadi Januari 1936. Karani wake wa safari ile, Alan Lascelles, alijiuzulu mapema mwaka 1929 akiwa amemchoka bwana wake. Dalili zilikuwepo, mwali. Mtazame kijana jinsi anavyopokea habari za ugonjwa wa baba yake.

Sasa usahihisho wa kwanza. Hapakuwa na sheria iliyomkataza mfalme kumwoa Wallis Simpson, Mmarekani aliyekuwa ameachika mara moja na yuko njiani kupata talaka ya pili. Hakuwa Mkatoliki, kwa hiyo sheria ya 1701 haikumgusa. Sheria ya 1772 ilitaka idhini ya mfalme, na mfalme ndiye bwana harusi. Kilichomzuia ni watu: Waziri Mkuu Stanley Baldwin, mawaziri wake, serikali za Kanada, Australia na kwingineko, na Kanisa la Uingereza, ambalo mkuu wake ni mfalme na ambalo wakati ule halikufungisha ndoa ya aliyeachika iwapo mtalaka wake yu hai. Mfalme akapendekeza njia ya kati: Wallis awe mke bila kuwa malkia, na watoto wasirithi. Ikakataliwa. Mawaziri wangejiuzulu.

Angebaki naye kama hawara, nakuapia, pangekuwa kimya. Magazeti ya Uingereza yalikuwa tayari yamenyamaza miezi kadhaa, huku ya Marekani yakichapisha picha za wawili hao wakiogelea. Kosa la Edward lilikuwa kutaka kufanya jambo la heshima.

Tarehe 10 Desemba 1936 alitia saini kujiuzulu. Afrika Kusini ilihesabu ameondoka siku hiyohiyo. Uingereza ilihesabu tarehe 11. Ireland ilipitisha sheria yake tarehe 12. Kwa hiyo kwa siku mbili dola moja ilikuwa na wafalme wawili, kulingana na mahali uliposimama. Kutawazwa kulikuwa kumepangwa tarehe 12 Mei 1937, na hawakubadilisha ratiba. Walibadilisha mtu: siku ileile akatawazwa mdogo wake, George wa Sita. Edward na Wallis walifunga ndoa Ufaransa tarehe 3 Juni.

Usahihisho wa pili unahitaji hesabu kidogo. Watu husema mapenzi yale yaligeuza njia ya taji. Sheria ya kujiuzulu iliwafuta kwenye foleni Edward na uzao wake wote, na uzao wenyewe haukuja: alifariki Mei 1972 bila mtoto. Sasa jaalia hakujiuzulu. Jaalia ameshikilia kiti na kumwoa Wallis, au ameshikilia kiti na kumweka pembeni asioe kabisa. Angetawala hadi 1972. Mdogo wake alifariki 1952. Nani angefuata? Binti mkubwa wa huyo mdogo, Elizabeth, akiwa na miaka 46. Jina lilelile. Mgogoro uliotikisa dola nzima ulimleta Elizabeth kitini miaka ishirini kabla ya wakati wake.

Na alipofika ilikuwa kwetu. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952 Elizabeth na mumewe Philip walikuwa Treetops, ile hoteli ya mtini karibu na Nyeri, wakitazama wanyama wakinywa maji. Baba yake alifariki usiku huo Sandringham. Habari ilimfikia mchana akiwa Sagana, katika nyumba ambayo serikali ya kikoloni ya Kenya ilimpa kama zawadi ya harusi yake ya 1947. Wakikuyu waliokuwa wakinyimwa mashamba jirani na hapo hawakuulizwa kama wanachangia.

Woga wa 1936 uliendelea kuwatafuna waliobaki. Mwaka 1955 Margaret, mdogo wake malkia, alimwacha mpenzi wake Peter Townsend kwa sababu Townsend alikuwa ameachika. Alikuwa wa tatu kwenye foleni, nyuma ya watoto wawili wenye afya njema. Hatari kwa taji ilikuwa ndogo mno. Kisha mwaka 2002 Kanisa likalegeza kamba. 2005 Charles, mwana wa malkia, akamwoa Camilla, wote wawili walioachika, kwa msajili wa Windsor. Na tarehe 6 Mei 2023 Camilla akavishwa taji katika kanisa lilelile alilozuiwa Caroline. Margaret alikuwa amefariki Februari 2002, miezi michache kabla ya Kanisa kubadili msimamo.

Kwa watakaoposwa upande wa Bahari ya Hindi

Mwali wa pwani atauliza, na kwetu? Sahau yote niliyosema kuhusu cheti.

Sayyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856 aliacha watoto zaidi ya thelathini, na hakuna hata mmoja aliyezaliwa na mke wake wa ndoa na wa ukoo, Bibi Azza binti Seif. Wote walikuwa wa masuria. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria akikiriwa na baba yake ni halali sawasawa na wa mke, kwa hiyo Unguja isingejua kinachowahangaisha Clarence na Kent. Lakini usione kwamba ilikuwa raha. Suria alikuwa mtumwa, mara nyingi aliyechukuliwa mbali akiwa mtoto, na hakuulizwa kama anampenda mtu.

Tena palipo na watoto wengi halali bila kanuni ya nani ni wa kwanza, foleni haipo. Yapo mashindano tu. Majid alichukua Zanzibar, Thuwaini akabaki na Maskati, na Waingereza wakawaamua mwaka 1861. Kabla ya hapo, 1859, Barghash alijaribu kumpindua Majid, na dada yao mdogo, Salme, aliyejifunza kuandika kwa siri, ndiye aliyekuwa karani wa njama.

Huyu Salme ndiye somo letu. Mwaka 1866 alipata mimba ya jirani yake, mfanyabiashara wa Hamburg aitwaye Heinrich Ruete, akatoroka kwa manowari ya Uingereza hadi Aden, akabatizwa na kuolewa huko 1867. Kwa desturi ya nyumba yao mwanamke hakutawala, kwa hiyo hakuwa na nafasi ya kupoteza. Angalau ndivyo ilivyoonekana. Mwaka 1885 alirudi Unguja na wanawe akiwa ndani ya meli za Ujerumani, wakati Bismarck alipokuwa akimbana Barghash, ambaye sasa ndiye Sultani, kuhusu bara la Tanganyika. Salme alidai urithi wa mali yake. Waingereza waliona kingine: mvulana, mjukuu wa Sayyid Said, mwenye uraia wa Kijerumani. Mapenzi ya paa kwa paa ya Mji Mkongwe yalikuwa yamezaa mtoto ambaye Berlin ingeweza kumtaja pale inapotaka kutisha. Barghash alikubali matakwa ya Wajerumani, na Salme akarudi Ulaya bila urithi.

Baada ya hapo walioamua walikuwa Waingereza. Khalid bin Barghash alipojikalisha kitini Agosti 1896, walimtoa kwa mizinga kwa muda usiofika saa moja, wakamweka Hamoud. Ndiyo nchi ileile ambayo 1936 ingetumia wiki nyingi kutafakari mtalaka mmoja. Na mwaka 1911 Sultani Ali bin Hamoud alipojiuzulu akiwa Ulaya, kiti kilimwendea Khalifa bin Harub, kitukuu wa Sayyid Said, ambaye zaidi ya ukoo alikuwa na sifa nyingine: mkewe, Bibi Matuka, alikuwa dada yake Ali. Shemeji huyo alitawala hadi 1960. Kama kuna ndoa ya kifalme iliyokwenda vizuri katika mwongozo huu, ni hiyo, na wasomaji wachache wa magazeti ya London walisikia habari zake.

Taratibu za sasa

William, mwana wa Charles na Diana, alimposa Catherine mwaka 2010 chini ya Mlima Kenya, kwa hiyo huwezi kusema fursa haziji mlangoni. Zingatia basi sheria mpya, iliyopitishwa 2013 na kuanza kazi Machi 2015. Kwa aliyezaliwa baada ya tarehe 28 Oktoba 2011, msichana hapitwi tena na mdogo wake wa kiume. Ndiyo maana Charlotte, binti wa William, yuko mbele ya mdogo wake Louis. Kuoa Mkatoliki hakumwondoi mtu kwenye foleni, na waliokuwa wameondolewa kwa sababu hiyo, kama Michael wa Kent aliyeoa 1978, walirudishwa. Hapa ndipo swali la mama yako lilipokuwa na maana: kwa zaidi ya miaka 300 mwanamfalme aliweza, kisheria, kumwoa Mwislamu wa Unguja, Mhindu wa Mombasa au asiye na dini yoyote na kubaki na nafasi yake, ili mradi tu asimwoe Mkatoliki. Anayevaa taji mwenyewe bado haruhusiwi kuwa Mkatoliki.

Idhini ya mfalme sasa inahitajika kwa sita wa kwanza tu. Asiyeomba, ndoa yake inabaki halali. Anachopoteza ni nafasi yake na ya watoto wa ndoa hiyo. Yaani mwanya uliomwokoa George wa Nne umezibwa: huwezi tena kuwa na mke asiye mke na taji kwa pamoja.

Kama mchumba wako ni wa saba au zaidi, panga ukumbi na mpishi wa pilau. Kama ni wa sita, subiri barua. Na kumbuka foleni hurudi nyuma kila mtoto akizaliwa mbele yake: Harry, mdogo wake William, alipopewa idhini Machi 2018 alikuwa wa tano, Louis akazaliwa mwezi wa Aprili, na Mei Harry alifunga ndoa akiwa wa sita. Louis angezaliwa na pacha, ile barua isingehitajika kabisa. Kwa hiyo kabla hujachapisha kadi, piga simu uulize nani ana mimba.